Muvi Haina Nguvu Mpaka Mtaa Uiongelee

Mchambuzi mkali zaidi wa muvi hapa Kanairo hana digrii ya filamu, haandikii gazeti na hajawahi kualikwa premia. Huyo msee amekaa kwa benchi ya mbao ndani ya kibanda cha vidio, iwe Gatwekera ama Kawangware 56, mabati inachoma juu ya kichwa, na akiona ujinga kwa skrini anausema hapo hapo. Stelingi akiingia kwa nyumba ya giza bila kuangalia nyuma ya mlango, anaambiwa. Dem akirudia jamaa mwenye alimchezea, anaambiwa pia. Hakuna mambo ya nyota tatu ama nyota tano. Ni "toka hapo, fala wewe!" na kibanda chote kinacheka.

Watu wa maana huita hiyo kelele. Mimi nadai hiyo ndio kazi yenyewe. Muvi ikiwa peke yake ni mwanga kwa ukuta. Inapata nguvu watu wakikaa pamoja wakaanza kuiongelea. DJ wa muvi anajua hivyo. Serikali inajua hivyo, na tutafika hapo. Wenye bado hawajashika ni wengi wa wale wanaotengeneza muvi kuhusu sisi.

Mimi niliacha college juu ya fees, so hapa usingoje lecha. Tuanze na kitu kila mtu anajua.

DJ Afro alitufunza nini

Kama ulikulia mtaani enzi za DVD, hauhitaji kuelezwa DJ Afro ni nani. Ni ule jamaa anachukua muvi ya Kichina, ya Kihindi ama ya Marekani, anashusha sauti yake, halafu anaweka yake juu. Anakuchorea nani ni nani, nani anadaiwa, nani anatafutwa amalizwe, na katikati anamcheka adui vile angemcheka jirani. Mtu wa nje akiskia anadhani ni tafsiri. Lakini skiza poa. Hatafsiri neno kwa neno. Anafanya kile wewe ungefanya ukiwa umekaa hapo kwa benchi, ni vile tu yeye ako na maiki.

Ndio maana msee wa Kibich anaweza kukupea story nzima ya muvi ya kung fu kutoka Hong Kong na hajui hata neno moja la Kichina. Jina la akta pengine hajui, lakini tabia yake anaijua kama ya mtu wa ploti. Muvi ilitoka mbali ikafika mtaani, ikapewa uraia.

Na hii kitu haiko Kenya peke yake. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, mwenye sauti yake ilizunguka mtaani na muvi za nje. Uganda wanaitwa VJ, na wao wakaenda mbele zaidi. Isaac Nabwana wa Wakaliga, pale Kampala, alitengeneza muvi ya vita inaitwa *Who Killed Captain Alex?* mwaka wa 2010. Ile kopi dunia ilipenda ni ile iko na sauti ya VJ Emmie juu, akishangilia kila risasi. Watu wa Marekani na Ulaya, wenye hawajawahi kanyaga Kampala, wanaiangalia hadi leo na ile kelele ni nusu ya utamu. Mwaka wa 2019 muvi ingine ya Nabwana, *Crazy World*, ikaonyeshwa kwa tamasha la Toronto.

Hata Japani, enzi za muvi bila sauti, kulikuwa na watu wanaitwa benshi. Walisimama kando ya skrini wakisimulia, na kuna watu walilipa kiingilio kuskia benshi fulani zaidi ya kuona akta fulani. Muvi za sauti zikaingia miaka ya 1930, kazi yao ikakufa. Kwetu ilikuwa kinyume: sauti ilikuja, lakini kwa lugha haituhusu, so kazi ikazaliwa.

Wakija kutupiga picha sisi

Sasa geuza kamera. Hizo zote ni muvi za watu wengine tukiziongelea sisi. Na ikiwa muvi inatuhusu? Hapa chini ni tano zenye watu hutaja sana, na maoni yangu bila kupaka rangi.

*The Constant Gardener*, 2005. Dairekta ni Fernando Meirelles wa Brazil, na Rachel Weisz akachukua Oscar kwa hiyo kazi. Story ni kampuni ya dawa inajaribu dawa ya TB kwa maskini wa Kenya bila kuwaambia ukweli. Kibera iko hapo ndani na mabati yake na watoto wake. Ni muvi kali, siwezi danganya. Lakini piga hesabu. Mwili unaojaribiwa dawa ni wetu, halafu machozi tunaambiwa tufuate ni ya Mzungu na bibi yake. Yule mama Wanza anakufa hospitalini na hatujui alipenda nini ama alimuogopa nani. Kuwa fair, waliotengeneza hawakutoroka hivi hivi: walianzisha mfuko wa kusaidia elimu kwa sehemu walizopigia picha, Kibera na huko Loiyangalani. Poa sana. Lakini kupewa shule na kupewa mistari ya kuongea ni vitu mbili tofauti.

*Sense8*, Netflix, 2015. Hapa kuna Capheus, dere wa mathree inaitwa Van Damn, juu anamwabudu Jean-Claude Van Damme. Hapo walinibamba. Kijana mwenye anaamini muvi ya ngumi inaweza kumfunza vile mwanaume anasimama mbele ya shida, huyo namjua. Huyo ako kila ploti. Tena walikuja Nairobi wenyewe, hawakutafuta mji mwingine wakauita Nairobi. Shida ni mdomo. Aml Ameen wa msimu wa kwanza ni Mwingereza. Msimu wa pili, 2017, akatoka akaingia Toby Onwumere, mzaliwa wa Nigeria aliyelelewa Marekani. Madere wawili wa Nairobi, na hakuna hata mmoja wa Nairobi. Waigizaji wako hapa, mathree ziko hapa, vumbi ni yetu, lakini lafudhi ilikodishwa. Weka hiyo kwa kibanda cha vidio Kawangware na uone kama Capheus atamaliza sentensi ya kwanza kabla watu waanze kucheka.

*Nairobi Half Life*, 2012. Hii sipingwi. Dairekta ni Tosh Gitonga. Joseph Wairimu ni Mwas, kijana wa ocha mwenye anauza DVD huku akiigiza vipande vya muvi ndio watu wanunue. Umeona? Hata stelingi wetu mkubwa, kazi yake ya kwanza ni kuongelea muvi za watu. Akifika Nairobi anaporwa, anawekwa ndani, anaosha choo ya selo, anaingia kwa genge, na bado anaenda mazoezi ya maigizo. Wairimu akashinda mwigizaji bora kule Durban, na hiyo ikawa muvi ya kwanza Kenya kupeleka Oscar kwa kitengo cha lugha za kigeni. Ile mwisho, makarao wakiwa na hao vijana ndani ya nyumba na unaona wazi hakuna korti hapa, ndio imefanya muvi ikae kwa watu. Mtu wa Lavington aliona drama. Mtu wa Kawangware aliona jamaa anamjua kwa jina. Lawama yangu ni moja tu: mademu hapo ndani wanangoja wanaume waamue.

*Maria*, Citizen TV, 2019 hadi 2021, kazi ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla. Yasmin Said akaingia kwa nyumba ya matajiri na Sheng yake yote, na mtaa ukakubali juu ile Sheng ilikuwa inapumua, haikuwa ya kusomwa kwa karatasi. Hapo heko. Lakini fuata ramani ya story: mlango wa kutoka ghetto ni kupendwa na kijana wa tajiri. Hiyo ramani telenovela za Mexico zilituuzia tangu tukiwa wadogo. Mashosho waliipenda na siwalaumu. Ni vile tu mtu anaeza tazama miaka miwili na asione hata siku moja vile dem wa ghetto anajitoa na akili yake.

*The Real Househelps of Kawangware*, KTN. Jina lenyewe ni utani: Marekani wako na *The Real Housewives*, mabibi wa watu wenye pesa. Sisi tukaleta mamboch. Kuna watu walisema ni kudharau wafanyikazi wa nyumba. Mimi naona ingine. Kila asubuhi Kawangware inatembea kwa miguu kuingia Lavington kuosha, kupika na kulea watoto, halafu jioni inarudi. Novemba 2024 kima cha chini cha mshahara wa mfanyikazi wa nyumba hapa Nairobi kiliwekwa Sh16,113 na senti kadhaa, na wewe mwenyewe unajua kama jirani yako hulipwa hiyo. Kipindi kilichekesha juu kilimwacha mboch aongee kuhusu boss. DJ Shiti akajenga jina hapo na watu bado wanamwita hivyo barabarani.

Ukiziweka hizo tano mezani, utaona kitu. Zenye mtaa umezibeba ni zile mtu wa mtaa anafungua mdomo. Zenye zinatuacha baridi ni zile sisi ni ukuta wa nyuma. Kujua hiyo hauhitaji utafiti wa mamilioni. Ungeita watu thelathini wa Laini Saba, uwaonyeshe kabla ya kumaliza kuhariri, na uskie wanacheka wapi. Lakini premia kawaida huwa mall, na tiketi moja inaweza kumaliza pesa ya unga ya wiki. So mwenye muvi inamhusu ndiye wa mwisho kuiona, na akiiona ni kopi ya wizi.

Kuna wenye walijaribu njia ingine. *Togetherness Supreme* ya Nathan Collett, 2010, ilitengenezwa Kibera na watu wa Kibera, ikiongelea ile moto ya baada ya uchaguzi wa 2007. Na kutoka 2011 kukawa na Slum Film Festival, yenye ilileta muvi Kibera na Mathare badala ya kungoja watu wapande mathree waende kuzitafuta. Kwa hivyo usiambiwe haiwezekani.

Serikali inaelewa kuliko maprodyusa

Sasa tuingie kwa ile ngori. Nilisema serikali inajua nguvu ya watu wakiangalia kitu pamoja. Hii hapa mifano miwili.

Mwaka wa 2018, bodi ya filamu ya KFCB ilipiga *Rafiki* ya Wanuri Kahiu marufuku, na hiyo ndio muvi ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwa tamasha la Cannes. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikafungua dirisha la siku saba tu, na kwa watu wazima peke yake. Watu wakajaa kumbi za sinema. Siku saba zikaisha, mlango ukafungwa tena. Ukubaliane na hiyo muvi ama ukatae, jiulize kwa nini pigano lilikuwa juu ya ukumbi.

Halafu tarehe 28 Aprili 2025, BBC ikatoa *Blood Parliament*. Hiyo ni ile makala ilipitia picha na vidio zaidi ya 5,000 kutafuta ni nani walifyatulia waandamanaji risasi pale Bunge tarehe 25 Juni 2024, siku ya Mswada wa Fedha. Ilikuwa ionyeshwe watu wakiwa wamekaa pamoja hapa Nairobi. Hiyo maonyesho ikafutwa. Siku chache baadaye, tarehe 2 Mei, watengenezaji filamu wanne wakakamatwa na polisi, na BBC ikasema hao wanne hawakuhusika na kutengeneza hiyo makala.

Tulia hapo kidogo. Hiyo vidio ilikuwa YouTube, bure. Mtu yeyote na data angeiangalia akiwa kwa kitanda, na mamilioni wakaiangalia. Haikutolewa. Kilichozuiwa ni chumba. Watu wakiwa mia wameketi giza moja, mmoja akisema "huyo namjua", mwingine akisema "mimi nilikuwa hapo", mwingine akianza kulia na hakuna mtu anamwambia anyamaze. Ukiangalia peke yako unakasirika, unalala. Mkiangalia pamoja mnatoka nje mkiwa bado mnaongea.

Hiyo ndio ile ile nguvu ya kibanda cha vidio, ni vile tu siku hiyo skrini haikuwa na Jackie Chan.

Na usifikirie sheria ni ya muvi kubwa peke yake. Films and Stage Plays Act iko kwa vitabu kutoka kabla tupate uhuru, na inataka mwenye anaonyesha watu muvi kwa biashara awe na leseni. Ukumbi wa mall unalipia hiyo na haushtuki. Mwenye kibanda na runinga moja na benchi nane, leseni ikikosekana, anakuwa mtu wa kuficha ama mtu wa kuhonga. Ndio maana vibanda vingi siku hizi vinaishi kwa mpira wa Uingereza wikendi, na muvi inabaki ya kujaza masaa.

Simu imetugawa

Kuna mtu atasema, "buda, vidio zilikufa, kila mtu ako na simu." Ni kweli nusu. Ripoti ya Reuters Institute ya 2023 iliweka Kenya mbele ya nchi zingine zote ilizozipima kwa kutumia TikTok, asilimia 54 ya waliohojiwa. Na huko ndani kumejaa nini? Watu wakiangalia muvi na kuongea. Uso kwa kona, muvi nyuma, "hebu muone huyu." Kila kijana wa Kabiria na maiki ya soo tano amekuwa DJ Afro mdogo.

Mimi napenda hiyo. Mlango umefunguka, na dem wa miaka kumi na tisa anaweza kuchambua *Maria* na watu laki moja wakamskiza. Enzi za kibanda angeambiwa anyamaze na wanaume wa benchi ya mbele, kama hata angeruhusiwa kutoka nyumbani usiku. Kibanda hakikuwa mbinguni, tusidanganyane.

Lakini kuna vitu viwili vimepotea njiani. Cha kwanza ni kubishana. Kwa benchi, ukisema upuuzi kuhusu muvi unajibiwa hapo hapo na mtu umemkalia karibu, na kesho mtaonana kwa mtungi wa maji. Kwa simu unapewa watu wenye wanakubaliana na wewe tayari.

Cha pili ni doh. Sauti ya DJ wa muvi imeuza DVD ngapi za finje mitaani? Mwenye muvi hakupata kitu, juu Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema lazima aulizwe na hakuulizwa. DJ naye akawa maarufu nchi nzima, lakini kazi yake ikinakiliwa na kila duka lenye kompyuta ni ngumu aende korti, kwa sababu amesimama juu ya kazi ya mtu mwingine. Pesa ilibaki na mwenye duka. Leo mwenye duka amekuwa kampuni ya simu na kampuni ya TikTok. Sisi tunalipa data kuangalia, tunaongea bure, na matangazo yanauzwa juu ya mdomo wetu. Sura imebadilika, hesabu ni ile ile.

So tufanye nini

Sitaki kumaliza na "serikali iingilie kati", juu tumeona vile huingilia. Nitataja vitu vitatu vidogo.

Moja, prodyusa wa Kenya mwenye muvi yake mwenyewe anaweza kumlipa DJ aweke sauti, halali, na mkataba, halafu watoe kopi mbili: ya kawaida na ya mtaa. Nabwana amethibitisha Kampala kwamba kopi ya kelele inaweza kusafiri mbali. Haki ni zake, hakuna wa kumshtaki, na DJ anapata jina lake kwa karatasi mara ya kwanza maishani.

Mbili, ukipiga picha Kibera ama Kawangware, onyesha Kibera ama Kawangware kwanza. Kabla ya mall, kabla ya ubalozi wa mtu. Uwanja wa Kamukunji pale Kibera umewahi kubeba mikutano mikubwa ya siasa, hauwezi kushindwa na projekta na shuka nyeupe.

Tatu, leseni ya kibanda iwe ya bei ya kibanda. Mama wa mboga halipii soko pesa ya supamaketi. Mwenye benchi nane asiulizwe vitu vya ukumbi wa viti mia tatu, halafu akishindwa aitwe mhalifu.

Na wewe prodyusa, kama uko na muvi ya ghetto kwa laptopu na unajiuliza kama ni ya ukweli, mambo ni rahisi. Lete hapa Ijumaa jioni, kaa benchi ya nyuma, usijitambulishe. Ukiskia watu wanamtusi karao wako na kumwonya stelingi wako, umefika. Wakianza kuangalia simu zao, rudi ukahariri.